Mwanangu ana usonji na amepata chuo: niseme au ninyamaze?

Shikamoo Bi Mlezi,

Nakuandikia kutoka Masasi. Nina watoto wanne, na barua hii ni ya huyu wa pili, kijana wa miaka 20. Alipokuwa na miaka saba, baada ya kuzunguka sana kwa waganga wa hospitali na wa kienyeji, tulimfikisha Dar es Salaam na daktari akatuambia ana usonji. Alichelewa kusema, na alipoanza alikuwa anarudia tu maneno ya watu. Jandoni ngoma zilimshinda, akaziba masikio na kulia mpaka wakamrudisha kabla ya wenzake. Yaliyosemwa mtaani siku zile sitaki kuyaandika.

Ila kichwa anacho. Shule ya msingi alipata mwalimu mmoja, mama mtu mzima, aliyemkalisha karibu na mlango na kumruhusu atoke akizidiwa na kelele. Sekondari yote amesoma kutwa, hata kidato cha tano na sita tuliomba asome akitokea nyumbani. Amechukua tahasusi ya ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, na mwaka huu amepata daraja la pili. Daftari la korosho la familia analishika yeye. Msimu wa juzi ndiye aliyeona kwamba pesa iliyoingia benki haikulingana na kilo tulizopima ghalani. Tulimbishia, lakini karani wa chama cha msingi cha wakulima alipofungua vitabu vyake akakuta kijana ndiye mkweli.

Sasa amechaguliwa sehemu mbili, zote uhasibu: chuo kikuu kimoja Dar es Salaam na chuo kimoja hapo Mtwara mjini. Anatakiwa athibitishe kimoja.

Kaka yangu, mjomba wake, ndiye aliyemlipia ada tangu baba yao alipofariki, na neno lake kwetu ni zito. Anasema kijana asiende. Atachekwa, ataibiwa, atarudi amevurugika. Abaki ashike mikorosho na hesabu za ukoo. Mdogo wangu aliyeko Mbagala anasema aende Dar, akae kwake, ila chuoni asiambiwe mtu, maana wakijua watamfutia nafasi au watamwona kichaa. Huyo huyo ndiye aliyeona kwenye simu kwamba Marekani kuna vyuo vyenye mipango maalumu kwa wanafunzi wenye usonji, akaniuliza kwa nini sisi hatuna. Sikuwa na jibu.

Kuna na hili linaloninyima usingizi. Mwenyewe hajui. Sijawahi kumtamkia neno usonji. Akiniuliza kwa nini hayuko kama wenzake namwambia amerithi ukimya wa babu yake. Nifanye nini?

Mama wa Masasi

*

Marahaba, mdogo wangu.

Unauliza kama chuo kiambiwe. Wa kwanza kuambiwa ni mwanao, na mengine yote uliyoniuliza yanategemea hilo.

Kijana wa miaka 20 anayeshika hesabu za ukoo mzima anajua kwamba yuko tofauti. Kajua tangu jandoni. Asichokijua ni kwamba hali hiyo ina jina, kwamba wapo wengi wenye hali kama yake, na kwamba hakuna aliyemroga. Usipompa jina la kweli atajipa lake. Nimekaa miaka mingi kwenye ofisi ya mshauri wa wanafunzi na nimewasikia vijana wa namna hii wakijitaja: mjinga, mkosi, mtu asiyependeka. Wanayasema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekutajia kabila lake. Sipendi mwanao afike chuoni akiwa na jina la namna hiyo kifuani.

Usimwitie kikao cha ukoo. Mkiwa wawili tu, mikono ikiwa na kazi aliyoizoea, bila kumlazimisha akutazame usoni, mwambie kwa maneno yaliyonyooka. Mafumbo tunayoyapenda sisi watu wazima ndiyo yanayompotezea njia. Sema: "Ulipokuwa na miaka saba daktari alituambia una usonji. Ni namna ubongo wako ulivyojengeka tangu tumboni. Ndiyo maana kelele zinakuumiza kuliko wengine, na ndiyo maana uliiona ile hesabu ya korosho ambayo sisi wote hatukuiona. Hukukosa lolote. Sikukwambia mapema kwa sababu niliogopa." Kisha nyamaza. Anaweza asijibu siku hiyo. Anaweza kuja wiki ijayo na maswali ameyaandika kwenye karatasi. Yajibu, na lile linalokushinda mwambie mtakwenda kumuuliza daktari pamoja.

Akikuuliza umetoka wapi, mweleze kwamba usonji huanza mapema, mtoto akiwa bado tumboni, na urithi una sehemu kubwa ndani yake. Malezi hayauleti, wala chanjo, wala mizimu. Kwa hiyo ulipomtaja babu yake hukuwa mbali sana.

Kwa nini nasisitiza ajue kabla ya kufungua chuo? Kwa sababu chuoni msemaji ni yeye. Shuleni ulikuwa unakwenda wewe kuongea na mwalimu, na yule mama akakuelewa. Chuoni mtu wa miaka 20 ni mtu mzima, mhadhiri hatamtafuta mzazi. Hata huko Marekani iko hivyo. Mtoto akiwa shule, sheria inaibebesha shule wajibu wa kumtambua na kumpangia msaada. Akivuka kwenda chuo, mwanafunzi mwenyewe ndiye anayekwenda kwenye ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, na karatasi ya daktari mkononi, akajitambulisha. Asipokwenda, hakuna anayemgongea mlango. Sasa mtu atajitambulishaje kwa kitu ambacho mama yake hajamtajia?

Mdogo wako wa Mbagala hakudanganywa na simu. Marshall University, katika jimbo la West Virginia, walianza mpango wao mwaka 2002, na ni miongoni mwa ya kwanza kabisa. University of Tennessee kule Chattanooga na Rochester Institute of Technology, New York, walifuata mwaka 2008. Kuna Landmark College huko Vermont, ambacho chote ni cha wanafunzi wanaojifunza kwa njia tofauti, wenye usonji wakiwemo. Mipango mingi ya aina hii hutoza ada yake, juu ya karo ya kawaida, na si pesa ndogo. Hilo mara nyingi halisemwi kwenye picha nzuri za simu.

Lakini ukiifungua mipango hiyo uone kilichomo, utakuta vitu ambavyo havihitaji dola. Kuna mtu mmoja wa chuo anayemjua mwanafunzi kwa jina na kukutana naye kila wiki, sehemu nyingine kila siku, wakapitia ratiba, kazi zinazodaiwa, usingizi, chakula, nani kamkera. Kuna mwanafunzi wa mwaka wa juu anayemshika mkono katika yale yasiyoandikwa popote: foleni ipi inakwenda haraka, mhadhiri yupi hapendi kukatizwa, ukialikwa chai na wenzako mnalipaje. Mwanafunzi hufika siku kadhaa kabla ya umati. Uingereza, University of Bath wamewahi kuwa na kambi ya kiangazi ambapo vijana wenye usonji wanaojiandaa na chuo hulala hostelini, huketi kwenye mihadhara ya mfano na kula kantini kabla hawajaanza masomo yenyewe. Na kuna makubaliano ya maandishi na walimu kuhusu mitihani na kazi.

Hapa kwetu usitarajie kukuta bango la mpango wa namna hiyo getini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na kimesaidia wengi, hasa wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa viungo. Na kila chuo unachokijua, kikubwa kwa kidogo, kina ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Mlango wako ni huo. Mpango wa mwanao mtaujenga ninyi, kwa watu ambao tayari wanalipwa kukaa pale, na mnaanza kabla ya siku ya usajili.

Nikupe mfano ili uone jinsi kitu kidogo kinavyoweza kumwangusha mtu, na kitu kidogo kumsimamisha. Wiki moja ya mitihani mlinzi alinipigia simu, inakaribia saa sita mchana. Kuna kijana yuko peke yake ukumbi wa chini, hasemi, hatoki. Nilimkuta ameketi kiti cha tatu kutoka dirishani. Kitambulisho kakiweka kona ya juu ya meza, kalamu mbili zimelazwa sambamba, mikono juu ya mapaja. Ratiba iliyobandikwa ukutani ilisema ukumbi ule, saa tatu asubuhi. Mtihani ulikuwa umehamishiwa jengo jingine usiku uliotangulia, tangazo likatumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na yeye alikuwa ameshajitoa kwenye kundi lile kwa sababu ya milio na utani wa usiku kucha. Alikaa pale akisubiri karatasi wakati wenzake wanaandika, wanamaliza, wanakwenda kula. Aliponiona aliuliza jambo moja: "Msimamizi anafika saa ngapi?"

Tulimwombea mtihani maalumu, akaufanya, akafaulu. Lakini kilichombeba mpaka akahitimu ni kidogo kuliko hicho. Kiongozi wa darasa lake alikubali kwamba ratiba ikibadilika, atamtumia ujumbe wake peke yake, wenye somo, chumba na saa, basi. Kijana anajibu "nimepata". Asipojibu, kiongozi anakwenda kugonga chumbani. Gharama yake ni ujumbe mmoja wa simu, na ule ndio ulikuwa mpango wake maalumu.

Sasa hofu ya mdogo wako, kwamba wakijua watamfutia nafasi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 24 inataja elimu ya juu na vyuo vya ufundi waziwazi, pamoja na wajibu wa kumfanyia mwanafunzi marekebisho yanayofaa. Mwaka uliofuata, 2010, tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayokataza kumbagua mtu katika elimu kwa sababu ya ulemavu. Tafsiri yake ya mtu mwenye ulemavu haiishii kwenye mguu na jicho. Inataja pia akili na hisi, na inataja vikwazo vinavyotokana na mitazamo ya watu, mazingira na taasisi. Mwanao yumo humo. Nafasi kaipata kwa matokeo yake, na usonji wake si sababu ya kuiondoa.

Nisikufiche, sheria haimzuii mtu kucheka korido. Ila nimeona pande zote mbili, na aliyenyamaza ndiye aliyeumia zaidi. Siku akizidiwa, maana siku hiyo ipo, chuo kisichojua kitaona kijana anayeziba masikio na kukataa kujibu, na kitaandika kwenye jalada lake kwamba ni mlevi, ni mkaidi au amechanganyikiwa. Chuo kinachojua kitampisha akakae nje.

Si lazima kila mtu ajue. Waambiwe mshauri wa wanafunzi, mkuu wa idara yake, mlezi wa hosteli na kiongozi wa darasa. Kwa wengine mwenyewe ataamua, akipenda na lini akipenda. Na usimtangulie wewe kumsimulia kwa jirani wa chumba.

Barua aiandike yeye, fupi. Msaidie, lakini maneno yawe yake. Iwe ya namna hii: "Naitwa fulani, mwanafunzi mpya wa uhasibu. Nina usonji. Nasoma vizuri na natunza muda. Kelele za ghafla huniumiza, na zikizidi naweza kushindwa kusema kwa muda. Nikikaa peke yangu mahali patulivu narudi sawa. Naomba maelekezo ya kazi kwa maandishi. Naomba kuambiwa mapema ratiba ikibadilika. Naomba chumba chenye watu wachache. Nimeambatanisha barua ya daktari." Unaona, nusu ya barua inasema anachoweza, na maombi yake ni vitu ambavyo mtu anaweza kuvitekeleza Jumatatu asubuhi. Barua inayosema tu "mwanangu ni mgonjwa, mumsaidie" huishia kwenye droo.

Hiyo barua ya daktari mnaianza sasa. Karatasi ya miaka 13 iliyopita haitoshi, itafuteni lakini kama kumbukumbu. Nendeni hospitali ya Mkomaindo hapo kwenu, mwombe rufaa kuja hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, aonwe upya kama mtu mzima na apewe maelezo ya maandishi. Kama anaomba mkopo, Bodi ya Mikopo hutaka mwombaji mwenye ulemavu athibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa, basi safari hiyo moja itumieni kwa yote mawili.

Mitihani muizungumzie mapema. NECTA, Baraza la Mitihani la Taifa, huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, kwa hiyo mhadhiri akishangaa, mkumbusheni kwamba si jambo geni nchini. Kwa wengine muda si tatizo, tatizo ni ukumbi wa watu mia tatu, feni zinazolia na wasimamizi wanaozunguka na viatu vya kisigino. Chumba kidogo chenye msimamizi mmoja humfaa kuliko dakika za nyongeza. Muulize yeye. Kazi za vikundi nazo zinatesa wengi. Apewe sehemu inayoeleweka, kwa mfano "tengeneza jedwali la mapato, leta Alhamisi saa kumi". Akiambiwa "tusaidiane tu" atakaa pembeni mpaka mwisho na wenzake watasema ni mvivu. Kuwasilisha mbele ya darasa, aombe aanze mbele ya mhadhiri na wenzake wachache.

Mtwara au Dar? Umeniandikia anachotaka kaka yako na anachotaka mdogo wako. Anachotaka kijana sikukiona. Muulize, na mpe muda wa kujibu.

Ukitaka langu, ni Mtwara. Kutoka Mbagala hadi vyuo vingi vya Dar ni kupanda daladala mbili, tatu, asubuhi na jioni, watu wamebanana, konda anapiga kelele, redio iko juu. Mtoto anafika darasani akiwa ameshachoka kabla mhadhiri hajafungua mdomo. Mtwara mji wenyewe unatembeleka, darasa ni dogo, na wewe unapanda basi asubuhi ukamfikia siku hiyo hiyo. Kwa mwaka wa kwanza hilo lina thamani kubwa. Kama hosteli itamshinda kabisa, usiseme elimu imekwisha: Chuo Kikuu Huria kina kituo Mtwara, mtu anasomea nyumbani na kufika kituoni kwa mitihani. Nakiweka pembeni kwanza kwa sababu kitamrudisha kwenye upweke, naye ameshakaa nyumbani vya kutosha.

Hosteli ndiko mapambano yaliko. Chumba cha vitanda vya deka, watu sita, sabufa inapigwa mpaka usiku wa manane. Huyu hajawahi kulala bweni. Ombeni chumba cha watu wawili, mwisho wa korido, mbali na bomba na ngazi. Kikikosekana, pangeni chumba tulivu karibu na chuo, Shangani au Ligula, kwa mama mwenye nyumba mtakayeongea naye ana kwa ana. Geto la vijana wanne usikubali hata likiwa la bei rahisi.

Na mje sasa, kabla korosho hazijaanza kudondoka, maana zikianza najua hutatoka. Mje mara mbili kama mnaweza, siku chuo kiko kimya na siku kimejaa. Mtembeze njia zote atakazopita: kitandani hadi darasani, darasani hadi kantini, benki, zahanati, stendi. Apige picha za milango. Ale kantini, muone kama kuna chakula anachoweza kukimeza, maana wengine harufu au ulaini wa chakula huwashinda na wiki nzima wanaishi kwa chai na maandazi. Mfundishe nyumbani kupika kitu kimoja anachokipenda. Siku ya usajili yenyewe ni foleni, fomu, mihuri na "nenda dirisha lile". Mwombeni mshauri asajiliwe mapema asubuhi au siku moja kabla.

Kaka yako. Kwetu Kusini mjomba hapuuzwi, na huyu wako anastahili kusikilizwa. Hofu zake tatu zote ni za kweli. Kuibiwa, kwa mfano. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likiingia, atatokea rafiki wa kumwambia "nikopeshe, nakurudishia Ijumaa", naye atamwamini kwa sababu yeye mwenyewe akisema Ijumaa anamaanisha Ijumaa. Mjomba amfundishe sentensi moja ya kujibu, "pesa yangu imepangiwa matumizi na nyumbani", waifanyie mazoezi mpaka itoke bila kufikiri. Namba ya siri ya simu asimpe mtu. Hesabu za matumizi awe anamtumia mjomba kila mwisho wa mwezi, kazi ambayo najua ataifurahia.

Mwombe kaka yako awe yeye wa kumpeleka kijana kwa mshauri wa wanafunzi. Aliyelipa ada miaka yote hii ana haki ya kukaa kwenye kiti kile na kuuliza anayoyaogopa, na akijibiwa na mtu wa chuo, uso kwa uso, atasikia kuliko akijibiwa na mimi au wewe. Mikorosho haijakataliwa. Mtu mwenye macho ya hesabu kama yale, ukoo unamhitaji, na likizo atashika daftari kama kawaida. Ila minada ikianza Oktoba na pesa zikaanza kusumbua, msimwite arudi kuhakiki. Ratiba ya chuo ikikatwa katika mwezi wake wa kwanza wa masomo, kuijenga tena ni kazi.

Kuhusu mwanafunzi wa kumshika mkono, usimtwike mtoto wa jirani aliyesoma naye Masasi kwa sababu tu mnajuana. Urafiki wao utageuka uyaya, na kijana wa watu atachoka. Mwombeni mshauri atafute wa mwaka wa pili au wa tatu, kozi ile ile, mwenye subira, wakutane siku na saa maalumu kila wiki. Huko ng'ambo mara nyingi hulipwa. Ninyi mnaweza kumpa vocha na shukrani ya msimu.

Baada ya wiki ya nne au ya tano mtazame kwa karibu. Matokeo ya testi hayatakwambia mapema. Kitakachokwambia ni kwamba amepunguza kula, halali, nguo ni zile zile, kipindi kimoja cha asubuhi hakihudhurii tena. Simu anapokea lakini anajibu neno moja moja. Ukiona hivyo mpigie mshauri siku hiyo, usisubiri sapu, yaani mtihani wa marudio. Ikibidi, vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa sababu za afya: anaandika, anaambatanisha barua ya daktari, na anaomba kabla ya mitihani, kisha afisa mikopo wa chuo anaarifiwa ili mkopo wake usivurugike. Aliyeahirisha ana njia ya kurudi. Aliyekaa kimya chumbani mpaka mitihani ikampita, huyo ndiye anayedisko, yaani anayeondolewa chuoni, na nimewasindikiza wachache stendi wakiwa na uwezo wote kichwani.

Kwa hiyo siku ya usajili, kabla hamjatoka ofisini, namba ya simu ya mshauri iingie kwenye simu tatu: yako, ya mjomba na ya kijana. Aipige palepale, aisikie ikilia mezani.

Bi Mlezi, Mtwara